Soma, Umpe Mwenzio

(Hotuba iliyosomwa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya pili ya mkutano wetu)



Mwenyekiti aliponiandikia kuniomba niseme maneno machache, alinipa dakika ishirini na akaniachia nichague jambo mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa lake, maana mtu aliyefundisha Kiswahili kwa miaka zaidi ya thelathini hajui dakika ishirini ni kitu gani. Wenzangu waliotangulia jana walisema juu ya ukuta wa shule, juu ya kisima, na juu ya basi ambalo tunalichangia mwaka wa nne sasa na bado halijaonekana hata usukani. Mimi nitasema juu ya riwaya. Najua wapo wanaojiuliza riwaya zinahusiana vipi na maendeleo ya shule. Naomba mnivumilie. Nitafika huko, ila nitapitia njia ya bweni.

Niliingia hapa Kidato cha Kwanza mwaka 1975, nikiwa na sanduku la bati, godoro la sufi, na kitabu kimoja cha hadithi. Kitabu hicho kilikuwa Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, ambacho mjomba alinipa pale kituo cha basi ili nisilie njiani. Kilikuwa kimekwisha pita mikono mingi hata jalada lake limekuwa laini kama kitambaa. Usiku wa pili, kabla sijajua hata choo kiko upande gani, alinijia kijana wa Kidato cha Pili. Hakuniuliza jina, wala kabila, wala natoka wilaya gani. Aliniuliza, "Umekuja na nini cha kusoma?"

Kijana huyo nitamwita Mkutubi, kwa kuwa baadaye alipewa ukiranja wa maktaba, na kwa kuwa mwenyewe ameniomba nisimtaje jina. Alikitazama kitabu changu, akakinusa, kweli alikinusa, akasema, "Hiki tunacho kimoja, lakini kimechoka. Chako kitaingia kesho." Ndipo akanionyesha daftari.

Lilikuwa kaunta buku ya kawaida, imechorwa mistari kwa rula. Upande wa kushoto jina la kitabu, kisha mwenye kitabu, kisha msomaji, kisha siku aliyochukua na siku aliyorudisha, na mwisho kabisa nafasi nyembamba iliyoandikwa "Neno". Hapo kila msomaji alipaswa kuandika jambo moja kwa ajili ya atakayefuata. Hukuruhusiwa kuandika "kizuri". Mkutubi aliyaona maneno "kizuri" na "kibaya" kuwa ni uvivu. Wala hukuruhusiwa kutaja mwisho. Aliyetaja mwisho alifungiwa vitabu muhula mzima, na adhabu hiyo iliogopwa kuliko kuosha vyombo. Basi watu waliandika mambo kama haya: usianze usiku, mruke yule mzee anayehutubia, utamrudia, huyu mwanamke mbona kama shangazi yangu. Nami nilipolipitia daftari lile usiku ule kwa mwanga wa kibatari, nilihisi nimeingia katika baraza la watu wazima.

Naona vijana mnatabasamu kusikia kibatari. Jenereta ya shule ilizimwa saa nne. Mwenye tochi alikuwa tajiri, na mwenye betri za ziada alikuwa mfalme. Wengine wote tulikuwa watu wa kibatari, na asubuhi ulitambua nani alikuwa na zamu ya kitabu kwa masizi ya puani.

Zamu ilikuwa siku tatu. Kitabu kikipendwa sana, siku tatu zilikuwa nyingi mno kwa wanaongoja, hivyo kilikatwa uzi na kugawanywa vipande vitatu au vinne. Wa kwanza akimaliza sehemu yake anampa wa pili, naye anapokea inayofuata. Nimesoma Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed kwa namna hiyo, huku nikimsikia mwenzangu wa kitanda cha juu akiguna na kulaani mahali ambapo mimi sijafika. Sijui kama kuna mateso matamu kuliko hayo. Kisha vipande vilishonwa tena kwa sindano ya magunia, na kitabu kikavikwa gazeti, kikaendelea na safari.

Nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale tuliyokuwa nayo haikuwa na kurasa za mwisho. Wengine walisema zilikwenda kwenye sigara, wengine walisema zilikwenda chooni, na kwa karatasi ile yote mawili yawezekana. Basi ukesha usiku, umfuate Bwana Msa na kiko chake, uhesabu kila dalili, na pale hasa ambapo umejiweka sawa ili uelezwe, kitabu kimekwisha. Palikuwa na kijana wa Kidato cha Tatu aliyedai kuwa amesoma nakala nzima kwao Unguja. Kwa vijiko viwili vya sukari alikueleza mwisho. Nilimlipa. Alieleza vizuri sana, kwa sauti za watu wote na kwa vituo vyake, hata wawili wetu tuliongeza kijiko cha tatu bila kuombwa. Miaka kumi na mmoja baadaye nikapata nakala kamili, nikaona kwamba yule bwana hakuwahi kuuona mwisho ule. Alitunga! Sukari ile haikurudi, lakini siku hizi naona tulipata haki yetu. Muuaji wa kweli sitamtaja, kwa sababu wapo humu ambao hawajasoma, na sheria ya bweni bado inanibana.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe ya kumpendekezea mtu kitabu, maana watu hudhani ni jambo la kusema tu, "Soma hiki." Kwetu palikuwa na kijana aliyesifu kila alichosoma. Alikuwa mtu mwema, lakini baada ya muhula mmoja hakuna aliyemwuliza tena, kwa kuwa sifa zake hazikuwa na thamani ya kubadilishana na kitu. Palikuwa na mwingine, mgumu, ambaye kwa mwaka mzima aliandika neno la heri mara mbili tu, na mara zote mbili kitabu hicho kilipata foleni ya watu kumi na wanne. Mimi nilikuwa na mtu wangu wa tatu. Yeye alipenda vile ambavyo mimi sikupenda, na kila alichokiita cha kulaza usingizi nilijua kitanifaa. Nilimtegemea kwa miaka mitatu, na hajui mpaka leo. Kama yumo humu, asante sana ndugu yangu.

Mkutubi alikuwa na njia yake. Hakuuliza unapenda nini, maana alisema watu hawajui wanachopenda, wanajua walichozoea. Aliuliza, "Mara ya mwisho ulimkasirikia nani?" Ukimjibu, alikaa kimya kidogo, kisha akaenda kwenye sanduku. Kwa waliosema hawapendi kusoma aliwapa Katalambulla kwanza, wakimbizane na Inspekta Wingo. Kisha Bwana Msa, ambaye anakutaka ufikiri. Kisha Kiu, au Nyota ya Rehema kilipofika, na wakati huo mtu amekwisha nasa na hajui. Kezilahabi aliwekwa mwisho. Tena si kila mtu alipewa. Alikuwapo kijana mmoja aliyefiwa na baba yake mwanzo wa muhula, akawa hasemi na mtu. Siku moja alikuja kuomba Kichwamaji, kwa kuwa kila mtu alikuwa akikizungumza. Mkutubi alimtazama akamwambia, "Hiki si chako sasa. Nakuwekea mpaka urudi likizo." Akampa kitabu kingine, cha kuchekesha. Waliosoma Kichwamaji wanajua kwa nini. Yule kijana alikuwa na miaka kumi na sita, na aliyemkatalia alikuwa na kumi na saba.

Kitabu ambacho Mkutubi hakuweza kumnadia mtu yeyote ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Kilikuwa kitabu cha darasa, na kitabu kikishapigiwa mistari kwa ajili ya mtihani, mtoto hukiona kama dawa ya kwinini. Mimi nilikirudia nikiwa na miaka arobaini. Nikamkuta Karama amesimama mahakamani, anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria, na nikatazama mwaka wa kitabu: 1951, Mwingereza bado yupo ofisini. Nilikaa kwenye kiti nikaona aibu. Nilikuwa nimejibu maswali juu ya kitabu hicho na kupata alama nzuri bila kukisoma.

Nirudi nyuma. Ili mwelewe lililotokea, hapana budi nieleze vitabu hivi vilitoka wapi. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ndiyo iliyochapa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla mwaka 1960, baada ya hadithi hiyo kushinda katika mashindano ya uandishi. Ndiyo iliyochapa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1971. Kiu, cha mwaka 1972, na Kichwamaji, cha mwaka 1974, vilitolewa na East African Publishing House. Makao ya zote mbili yalikuwa Nairobi. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Bureau ikafa pamoja nayo. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Wanasiasa walihesabu ndege, mabehewa na meli za ziwani nani achukue zipi. Bwenini kwetu sisi tulihesabu sanduku la Mkutubi. Vilikuwamo vitabu ishirini na tatu, na tulijua kuwa kitakachopotea hakitarudi.

Miongoni mwa hivyo, kimoja kilikuwa cha hatari. Rosa Mistika hakikuruhusiwa shuleni miaka ile. Ni hadithi ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali asimsogelee mwanamume, na yaliyomfika alipokuwa mbali na macho ya baba huyo. Wakubwa waliona kitatuharibu. Kwa kawaida, marufuku ile ilikuwa pendekezo lenye nguvu kuliko lolote lililoandikwa katika daftari. Nakala ilikuwa mali ya Mkutubi mwenyewe, ameinunua kwa fedha za kuvuna katani wakati wa likizo, na jina lake lilikuwa limeandikwa ukurasa wa kwanza kwa wino. Hiyo ilikuwa sheria yake: mwenye kitabu aandike jina, ili kitabu kisifanywe yatima.

Zamu yangu ilifika Agosti 1977, nikiwa Kidato cha Tatu, yeye cha Nne. Baba yangu alikuwa mkali, nami nilikuwa na dada wawili. Mkubwa wao alikuwa ameondoka nyumbani mwaka uliotangulia, na jina lake halikutajwa tena mezani. Niliposoma juu ya Zakaria na binti yake, nilianza kuona kitu ambacho sikuwa nimekiona katika nyumba niliyozaliwa. Sikuweza kukiacha. Siku tatu zilipokwisha sikukirudisha. Siku ya nne nikafanya jambo ambalo hata mjinga wa Kidato cha Kwanza asingelifanya: nilikipeleka prepu, ndani ya atlasi.

Mwalimu wa zamu aliingia kwa mlango wa nyuma. Nilisikia viatu vyake, nikakisukuma kitabu ndani ya dawati la pembeni ambalo halikuwa na mtu. Alipita, akarudi, akainua kifuniko cha dawati lile. Akalibandua gazeti, akasoma jina la kitabu. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma jina la mtu.

Asubuhi, mstarini, Mkutubi aliitwa mbele. Aliulizwa kitabu ni cha nani. Akasema, "Changu, Mwalimu." Akaulizwa amempa nani. Akasema hajampa mtu. Akaulizwa kimefikaje katika darasa la Kidato cha Tatu. Akasema alikisahau. Hakuna aliyeamini, hata yeye. Aliambiwa alete lile daftari ambalo walimu walikwisha kusikia habari zake, akajibu kwamba halipo tena. Ni kweli halikuwapo. Alfajiri, kabla ya kengele, alikuwa amelitumbukiza chooni, kwa kuwa lilikuwa na majina yetu sote, na langu lilikuwa mstari wa mwisho.

Nilikuwa nimesimama safu ya tatu. Sikusema neno.

Alipata viboko, akavuliwa ukiranja, na cheti chake cha tabia kikaandikwa maneno ambayo kijana anayemaliza Kidato cha Nne hapendi yaandikwe. Miaka ile tabia ilitazamwa pamoja na alama. Hakuchaguliwa kwenda Kidato cha Tano. Sisemi kuwa hilo ndilo lililomnyima, maana alama zake sikuziona, na wengi wenye alama nzuri hawakuchaguliwa kwa uchache wa nafasi. Nasema tu kwamba mimi nilichaguliwa. Yeye alikwenda kufanya kazi ya ukarani bandarini Tanga, na huko alikaa mpaka kustaafu. Sanduku lile lilivunjika. Kila mtu alichukua chake, na waliotufuata hawakujua kuwa palikuwa na kitu.

Mwalimu yule simlaumu sana; alitekeleza agizo. Ila wiki chache baadaye nilipopeleka madaftari chumba cha walimu, nilikiona kitabu kilekile mezani, kimevikwa gazeti jipya, na kuna kijiti cha kiberiti katikati ya kurasa kuonyesha msomaji amefika wapi.

Mnajua yaliyofuata. Baada ya miaka kadhaa marufuku iliondolewa, na Rosa Mistika kikawa kitabu cha mtihani. Nami nikawa mwalimu. Nilikifundisha nikiwa na chaki mkononi, nikaandika ubaoni "dhamira" na "wahusika", na kila mwaka, nilipowaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa kwanza, niliona jina kwa wino hata kama halipo.

Mwaka jana nilikwenda Tanga. Nilikuwa nimepata habari kuwa Mkutubi ana presha ya macho na kwamba jicho moja limekwisha zima. Shemeji alinifungulia mlango, akanikaribisha, akaniambia, "Mwenyewe yuko barazani, anasikiliza redio, maana kusoma sasa hawezi." Tuliamkiana, tukataja waliokufa, jambo linalochukua muda siku hizi. Kahawa ilipokuja, nikamwambia. Niliyasema yote haraka haraka, kama mtoto.

Akanywa kahawa yake. Akasema, "Nilijua, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu mstarini. Ulikuwa unatazama viatu vyako, nawe siku ile ulikuwa pekupeku."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, siku ile au siku nyingine yoyote. Akasema zamu ya kusema ilikuwa yangu, na alikuwa akiingoja. Hakusema kwa ukali, lakini hakusema pia kwamba haidhuru, na mimi nashukuru kwamba hakusema hivyo. Tulikaa kimya, redio ikataja bei za mahindi. Halafu akaniuliza kwa sauti ileile ya bweni, "Ulikimaliza?"

Nikamwambia kwamba siku kilipochukuliwa nilikuwa katikati, na kwamba nilikimaliza mwaka 1980, nakala ya kuazima. Akataka kujua mwenye nakala alikuwa nani, na je, nilikirudisha.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi jioni nampigia simu nikamsomea. Alichagua yeye. Tulianza na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kiingereza chake kilitoka mwaka 1994, na Kiswahili chake, kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis, kikachapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka ishirini na minane kitabu kinachozungumza juu yetu kikangoja kusemeshwa Kiswahili! Ninaposoma vibaya neno la pwani, Mkutubi hunikatiza na kunisahihisha. Amekwisha kuniambia kitakachofuata ni Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999, na kwamba nisithubutu kumwambia kuwa ipo filamu yake.

Sasa nafika kwenye maendeleo ya shule, Ndugu Mwenyekiti.

Jana jioni niliomba kuiona maktaba. Nilipewa kijana wa Kidato cha Tatu mwenye ufunguo, tukaingia. Vitabu vya mtihani vipo, vimefungwa nyuma ya wavu. Vingine vimo katika makasha ya msaada kutoka ng'ambo. Nilifungua mawili. Nikaona mwongozo wa kutunza bustani wakati wa theluji, na juzuu nne za sheria za kodi za nchi ambayo haitawahi kutudai kodi. Waliotuma walikuwa na nia njema, nina hakika. Lakini hakuna mtu kati yao aliyekisoma kitabu kile akamfikiria mtoto huyu. Wametoa walivyotaka kuviondoa.

Nikamwuliza yule kijana ni riwaya gani ameisoma mwisho ambayo si ya mtihani. Akasema ameisoma moja wakati wa likizo, kwenye simu ya kaka yake. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha, nyingine kiza, na za mwisho hazikuwapo.

"Ukafanyaje?"

"Nikautunga mwisho mwenyewe, babu, nikawasimulia wenzangu."

Nilicheka mpaka akaogopa. Sikumwuliza kama analipwa sukari.

Hapo naomba niseme neno la kando. Kuazimana kitabu hakumwibii mwandishi; kitabu kimoja kinabaki kimoja, kinachoka, na mmoja kati ya waliokisoma siku moja atanunua chake. Hizi nakala za picha zinazorushwa kwa simu ni jambo lingine. Musiba na Mtobwa waliuza vitabu kwa watu waliovisoma hadi vikachanika, nao wakaandika vingine kwa sababu vile viliuzwa. Mwandishi wa leo anayekuta riwaya yake imesambaa bure wiki ya pili, ataandika ya pili kwa njaa gani? Lakini simlaumu mtoto ambaye nyuma ya wavu hakuna riwaya. Na sisi wenyewe katika kundi letu la simu la wanafunzi wa zamani tunatumiana vichekesho kuanzia alfajiri. Miezi sita iliyopita niliuliza humo nani anasoma nini. Nilijibiwa na watu watatu, na mmoja wao alidhani namwuliza juu ya watoto wake.

Kamati imependekeza tutenge fedha za kununua vitabu kwa wingi. Sipingi. Lakini naogopa tutanunua makasha mengine ya theluji, ila haya yatakuwa ya kwetu. Ombi langu ni dogo kuliko hilo, na gumu zaidi. Kila mmoja wetu alete riwaya moja ambayo ameisoma mwenyewe, mpaka mwisho. Aandike jina lake ukurasa wa kwanza kwa wino. Ndani aweke karatasi yenye neno moja kwa ajili ya kijana atakayefuata, na neno hilo lisiwe "kizuri". Walimu watuachie sanduku liwe mikononi mwa wanafunzi wenyewe, bwenini, siyo nyuma ya wavu. Vitapotea baadhi. Vitachanika. Najua pia kuwa kijana fulani atakamatwa na kimoja prepu, na hapo Mkuu wa Shule, kwa heshima zote, namwomba akumbuke kuwa jina la ukurasa wa kwanza ni la mzee mmoja kati yetu, apigiwe simu mzee huyo.

Daftari nimelileta. Ni kaunta buku, mistari nimeichora mwenyewe kwa rula usiku wa juzi. Mstari wa kwanza umekwisha kujazwa. Kitabu: Rosa Mistika. Mwenye kitabu: limeandikwa jina la mtu ambaye hayupo humu, na kitabu chenyewe nimekinunua mimi, kwa kuwa nilikuwa nikidaiwa. Msomaji: pako wazi. Chini ya "Neno" nimeandika kama alivyonisomea kwa simu kutoka Tanga: "Usikisomee prepu."

Daftari liko pale kwenye meza ya chai. Kalamu nimeifunga kwa uzi, maana nawajua.